Albamu ya Afropop ikiporomoka wiki ya pili, ndiyo imebuma?

kinubi_cha_pwani

Wakuu, naomba tuwekane sawa. Kila albamu kubwa ya Lagos ikitoka, ubishi ni ule ule. Ijumaa ni albamu ya mwaka, Jumatatu imeshachosha, wiki ya pili zimebaki nyimbo mbili tatu kwenye chati na hukumu imetoka: imebuma. Halafu mashabiki wanaanza kurushiana namba, kila mmoja na yake.

Maswali yangu: namba ipi isomwe, na isomwe baada ya muda gani? Na je, albamu kuwa na nyimbo nyingi kunasaidia mapokezi au kunayaua? Ushabiki wa Wizkid na Davido tuuache mlangoni, kama inawezekana.

namba_hazina_aibu

Mkuu, kushuka wiki ya pili ni jambo la kawaida kabisa. Wiki ya chati inaanza Ijumaa na kuisha Alhamisi. Wiki ya kwanza watu wanaonja albamu nzima, kwa hiyo hata wimbo dhaifu unapata mgao wake. Wiki ya pili wanarudia tatu walizozipenda, zilizobaki zinadondoka. Isitoshe, Spotify wanahesabu strimu (wimbo kuchezwa mara moja mtandaoni) ikishafika sekunde 30 tu. Aliyeonja nyimbo zote 17 kwa sekunde 35 kila moja ameacha strimu 17, sawasawa na shabiki aliyekaa mpaka mwisho. Wiki ya kwanza huwezi kuwatofautisha hao wawili.

Kuhusu wingi wa nyimbo, piga hesabu. Kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, strimu zinageuzwa kuwa mauzo ya albamu. Tangu 2018 zilihitajika strimu 1,250 za akaunti za kulipia, au 3,750 za akaunti za bure zenye matangazo, kupata albamu moja. Kuanzia Januari 2026 ni 1,000 na 2,500. Chukua HEIS ya Rema, nyimbo 11: inabidi isikilizwe yote kama mara 91 na wenye akaunti za kulipia ili ihesabiwe albamu moja. Timeless ya Davido ina nyimbo 17: mara 59 zinatosha. Mapenzi ya msikilizaji ni yale yale, chati tofauti. Ndiyo maana siku hizi unaona albamu za nyimbo 20 na kitu, na toleo la nyongeza likifuata kabla ya la kwanza halijapoa.

Uingereza wameuziba huo mwanya kiasi. Tangu 2017 chati yao inachukua nyimbo 16 zinazosikilizwa zaidi kwenye albamu, na mbili za juu zinapunguzwa zilingane na wastani wa zile nyingine, ili wimbo mmoja uliolipuka usibebe albamu nzima mgongoni. Mtu akikuletea nafasi ya Marekani na nafasi ya Uingereza kama vitu vinavyolingana, mwambie apumzike.

Kitu kingine kinachowachanganya watu: "wasikilizaji wa mwezi" wa Spotify ni dirisha la siku 28 linalosogea kila siku. Siku ya 29, walioonja siku ya kwanza na hawakurudi wanaanza kutoka kwenye hesabu. Ndipo mnapoona msanii "kapoteza mamilioni" na posti zinaanza. Hajapoteza kitu, ni udadisi wa siku ya kwanza umetoka dirishani.

Ngoma_Tisa

Naongezea mfano ambao kila mbishi wa wiki ya pili inabidi aujibu: Made in Lagos.

Wizkid aliiachia tarehe 30 Oktoba 2020, baada ya kuisogeza mbele kwa sababu ya EndSARS, maandamano ya Nigeria dhidi ya ukatili wa polisi. Ikaanza nafasi ya 80 kwenye Billboard 200. Malalamiko ya siku zile mnayakumbuka: imepoa mno, nyimbo zinafanana, ile Afropop ya kurukaruka iko wapi. Prodyuza P2J alikuwa ameitandika karibu yote kwa mwendo mmoja wa taratibu, saksafoni pembeni, na huko ndiko kulikokuwa na utamu wake, ila haukusikika kwa haraka.

Sasa fuata tarehe. Wimbo wa Essence ulikuwemo tangu siku ya kwanza. Video ilitoka Aprili 2021. Julai wimbo ukaingia Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani. Agosti ikaja rimiksi ya Justin Bieber, na tarehe 27 Agosti toleo la nyongeza la albamu. Albamu ikapanda hadi nafasi ya 28, na Oktoba Essence ikafika namba 9. Mwaka mzima, wakuu. Aliyeandika "imebuma" Novemba 2020 hakudanganya kuhusu namba alizoziona. Alizifungia hesabu mapema tu.

sauti_ya_mainland

Ngoma_Tisa, mfano ni mzuri ila unatumiwa vibaya. Kila albamu dhaifu sasa inatetewa kwa "subirini, itakuwa Made in Lagos". Hapana. Nyingi hazina Essence ndani yake, na ukisubiri mwaka utapata albamu ile ile iliyozeeka.

Mimi naangalia chini ya orodha badala ya juu. Subiri wiki ya sita. Toa singo zote zilizotangulia albamu, maana zilikuja na strimu zao za miezi. Toa wimbo wa kwanza, kwa sababu mtu akibonyeza kucheza unaanza wenyewe, unapata strimu za bure. Toa vipande vya maongezi. Toa na kolabo yenye jina kubwa, kwa sababu hujui nani kamleta nani. Katika zilizobaki, tafuta wimbo wa katikati usio na video wala changamoto ya TikTok. Andika namba yake leo, rudi baada ya siku saba, toa moja kwa nyingine: hiyo ndiyo wiki yake halisi. Fanya hivyo wiki tatu mfululizo. Kama mwendo umetulia, watu wanaisikiliza albamu. Kama unazidi kukatika nusu kila wiki huku singo peke yake ikipaa, basi hiyo ni singo iliyofungashwa na mizigo.

Na tusisahau nyumbani. Mnazungumzia Billboard kana kwamba Surulere, kule Lagos, wanasikiliza kwa kibali cha Marekani. TurnTable wanapanga chati za Nigeria tangu 2020, na chati yao ya Top 100 inachanganya strimu na redio na televisheni. Kule programu za muziki za Audiomack na Boomplay zina uzito ambao msikilizaji wa London haujui. Wimbo unaweza usionekane kabisa Uingereza na bado ukawa ndio unaopigwa kila danfo, daladala za Lagos. Kwa macho yangu, albamu ya Afropop iliyopokelewa nje tu ina kasoro, hata ikiwa na tuzo.

kinubi_cha_pwani

Hii ya kutoa wimbo wa kwanza sikuwahi kuifikiria. Na wanaosema albamu "ina kelele", kama walivyosema kwa HEIS? Hilo nalo ni la namba?

Meza_ya_Miksi

Hilo ni la masikio, na nusu yake ni la mipangilio ya simu.

Spotify wanashusha kila wimbo ulio juu ya kama -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), Apple Music kama -16. Albamu iliyobanwa, yaani vilele vimekatwa ili yote ipande juu, mpaka -8 inashushwa desibeli 6 Spotify, 8 Apple Music. Sauti inashuka, lakini kilichobanwa hakibanduki: vilele vya ngoma vilishakatwa kwenye masta (nakala ya mwisho ya wimbo), kwa hiyo pembeni ya wimbo wenye nafasi ya kupumua unasikika bapa na unaochosha. Ongeza spika ya simu, ambayo chini ya hezi 200 karibu haitoi kitu. Besi ya hezi 50 inapotea yote, zinabaki kofi, shekere na sauti za kupiga kelele. Hapo mtu anasema "kelele" na kwa alichokisikia hajakosea.

Kabla ya kuhukumu: tumia hedifoni za waya, zima usawazishaji wa sauti (huko kushushwa) kwenye programu, shusha sauti kwa mkono, na sikiliza kwa mpangilio wa albamu bila kuchanganya nyimbo. HEIS haifiki nusu saa, huna kisingizio. Nyimbo zimepangwa ziingiane kwa kasi; ukichomeka Ozeba, wimbo wa HEIS, kati ya nyimbo mbili za mapenzi itasikika kama ajali.

Ila kuna waliosikia vizuri na bado hawakuipenda. Waliojiunga na Rema kwa Calm Down, ambayo rimiksi yake na Selena Gomez ilifika namba 3 Marekani, walitarajia ulaini. Julai 2024 akawaletea kasi na giza la Benin City, mji wa kwao Nigeria. Hao walikuwa wanamtafuta Rema wa Rave & Roses, albamu yenye Calm Down, na usawazishaji wa sauti hauwezi kuwasaidia.

namba_hazina_aibu

Kabla hamjaleta Grammy: HEIS iliingia kwenye walioteuliwa wa albamu bora ya kimataifa, tuzo za 2025, pamoja na Born in the Wild ya Tems. Hakuna iliyoshinda. Made in Lagos, toleo la nyongeza, ilishindwa 2022 na Mother Nature ya Angélique Kidjo. Wapigakura wa kundi hilo wanalinganisha Afropop na flamenko na sitari, kwa hiyo kushindwa pale hakukwambii albamu ilipokelewaje Lagos.

sauti_ya_mainland

Wala kushinda.