Mrejesho: mbwa wangu mzee aliyekuwa akikojoa damu

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu mbwa wangu jike wa miaka 11 aliyekuwa akichuchumaa kila mara na kutoa matone tu yenye damu. Asanteni sana mlionijibu.

Nilikinga mkojo wa asubuhi kwenye chombo safi nikauwahisha kwa daktari wa mifugo. Bakteria walikutwa. Kwa kuwa hajafungwa kizazi, alipigwa pia ultrasaundi kuangalia usaha kwenye mfuko wa uzazi na mawe kwenye kibofu. Hakuna. Mwenye jike mzee kama wangu asiruke kipimo hicho, usaha huo unaua.

Amoksilini ilipunguza damu, ila dalili zikarudi. Ndipo daktari akavuta mkojo kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu, ukaoteshwa maabara (yaani bakteria wakakuzwa na kujaribiwa kwa dawa), wakaonekana sugu kwa dawa ile. Tulibadilishiwa, akamaliza dozi yote, na sasa anakojoa vizuri.

Siki ya tufaha niliyomtilia kwenye maji ya kunywa haikufaa: aliyakataa maji kabisa, na maji ndiyo aliyohitaji. Usiku bado analowesha kidogo alipolala. Hilo linaendelea kuchunguzwa.