Watu wanaolala nje Kariakoo: ni haki wasikilize mahubiri kwanza ndo wapewe chakula?

Fundi_Gerezani
Wakuu habari za jioni. Kuna kitu kinanikera naomba tukijadili bila kutukaniana dini. Hapa mjini Dar vikundi vya dini vinavyozunguka usiku na chakula kwa wanaolala nje ni vingi, makanisa kwa misikiti, utavikuta Kariakoo, Mnazi Mmoja, Stesheni, mpaka Posta. Ni jambo zuri na sijaja kulipinga. Ila wiki iliyopita nimechelewa kufunga duka nikakuta watu wamekalishwa chini barazani, watu wazima kabisa, na wamama wenye watoto mgongoni, deli la pilau lipo pembeni limefunikwa na harufu inasikika, kijana kashika maiki anahubiri karibu saa nzima, mwenzake anarekodi kwa simu, anapita na taa usoni kwa mtu mmoja mmoja. Wengine walishaanza kusinzia. Sasa nauliza, ni sawa kumkalisha mtu mwenye njaa asikilize neno ndo umpe sahani? Na hizo video zinaenda wapi?

MamaUshirika_Temeke
Kaka yangu umenigusa pabaya, mimi ni mmoja wa wanaopika. Hilo pilau unalolisema unajua linatokaje? Wamama tunachangishana kwenye ushirika, huyu kilo mbili za mchele, yule mafuta, mwingine hana kitu anakuja kuchambua na kuosha masufuria, mkaa tunanunua sisi, tunakaa motoni tangu mchana na nyumbani tumeacha watoto. Halafu mtu anafunga duka lake anapita anahesabu dakika za neno la Mungu! Hao watu wanalala kwenye baraza za maduka yenu, ni nani kati yenu amewahi kuwaachia hata dumu la maji? Na kama ni maandiko, soma Marko 6, Yesu aliwafundisha mambo mengi mpaka saa zikaenda sana ndo akawalisha ile mikate. Mafundisho yalitangulia.

abuu_salma
Dada yangu hakuna aliyesema msipike, Allah awalipe kheri. Ila hao wa kwenye Marko walimfuata wenyewe kwa miguu yao mpaka nyikani, hawa nyie mmewafuata pale wanapolala, waende wapi? Kwetu Suratul Baqara aya ya 264 inakataza kuiharibu sadaka kwa masimango na maudhi, na 271 inasema ukiitoa wazi ni vizuri ila ukiificha ukawapa mafakiri ni bora kwako, halafu aya inayofuata tu hapo hapo kwenye habari ya sadaka Mtume anaambiwa kuwaongoa si juu yake. Maana yake mpe, habari za moyo wake muachie Mola. Na sisemi haya kuwasema wakristo tu. Ramadhani hapa Dar futari zinagawiwa na bango kubwa la mfadhili nyuma, mzee wa watu anapewa tende na unga wa ngano anaambiwa inua juu uonekane. Hilo nalipinga msikitini kwangu na nalipinga hapa.

Mbezi_Mwisho
Mnahangaika bure nyote. Wale nusu yao sio maskini, ni Wagogo wa msimu, wana mashamba na ng'ombe huko kwao Dodoma, wakishavuna wanarudi kujenga. 2016 Makonda akiwa mkuu wa mkoa aliwapa siku waondoke mjini, wakaondoka, mambo yalipopoa wakarudi. Chakula cha bure na sarafu za Ijumaa kwenye maduka ya Wahindi ndo zinawaleta. Acheni kupika mwezi mmoja tu muone kama hawajapanda basi.

Mwana_wa_Kongwa
Wewe Mbezi Mwisho ufute hiyo. Nimezaliwa Kongwa, nimesoma kwa jembe la mama yangu, niko Dar huu mwaka wa ngapi sijui nalipa kodi na sijawahi kunyoosha mkono kwa mtu. Kila akionekana mtu mwenye kopo pale kwenye taa basi ni Mgogo, umewauliza vitambulisho? Pale Mnazi Mmoja kuna watu wa Lindi, wa Tanga, wa Kigoma, kuna waliozaliwa Manzese hapahapa. Na hao wa kwetu wanaokuja unajua kwa nini wanakuja? Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, zikikatika mwezi wa pili umekosa mwaka mzima, hamna vuli ya kukuokoa kama huku pwani. Hata Mwingereza na matrekta yake alikuja Kongwa kulima karanga 1947, pesa za serikali yake zikateketea, 1951 akafunga virago. Serikali nzima imeshindwa na ile ardhi, bibi yangu ndo umlaumu?

Mbezi_Mwisho
Sijatukana kabila mimi, nimesema nnachokiona. Mbona Singida nako kukavu na hawaji kwa wingi hivyo?

Mwana_wa_Kongwa
Umehesabu wewe wa Singida? Toa hesabu hapa.

MwalimuMstaafu_Upanga
Vijana punguzeni moto. Hilo la Ugogo lina historia na linasikitisha. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia majeshi ya Mjerumani na baadaye ya Mwingereza yote yalipita pale kwenye reli ya kati, yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume kuwa wapagazi, mvua nazo zikagoma, ikaja njaa ya Mtunya, kuanzia 1917 mpaka 1920 hivi. Watu walikufa wengi mno, wengine wakatawanyika kutafuta chakula kwa watu. Jamii iliyopitia hayo ikajifunza kwamba mwaka mbaya ukija unaondoka unafuata penye chakula. Kuwaita wavivu watu wa namna hiyo ni kutokujua walikotoka.

Mbezi_Mwisho
Mwalimu shikamoo, nakuheshimu sana lakini hiyo ni miaka mia iliyopita, leo kuna TASAF, kuna shule bure, kuna kila kitu. Mpaka lini tutasingizia Mjerumani?

ustawi_wa_zamani
Kwa kuwa TASAF imetajwa naomba niseme maana nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, sasa hivi nimestaafu. Ule mpango wa kunusuru kaya maskini unapitia kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, wananchi ndo wanaitaja kaya. Anayelala barazani hana kaya, hana mtaa, hakuna mkutano utakaomtaja. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, nayo unaanzia barua ya serikali ya mtaa, mtendaji anakuuliza unaishi nyumba namba ngapi. Mzee wa miaka 60 asiye na uwezo kwa sera anatibiwa bure ila lazima atambuliwe kwao kwanza. Kwa hiyo huyu mtu kila mlango anaoupiga hodi unamuuliza unakaa wapi. Vikundi vya dini vingekuwa na nguvu sana hapo, padri au imamu kumshika mtu mkono mpaka kwa mtendaji, kuliko kugawa sahani peke yake. Kuhusu video, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi 2023, picha ya mtu na habari ya dini yake sio vitu vya kurusha ovyo, na kwa watoto kuna Sheria ya Mtoto ya 2009. Siku za nyuma tulikuwa tunapita na gari usiku kuwaondoa na kuwapeleka makwao na haikusaidia kwa sababu...

Mzaramo_halisi
Ahaa! Kumbe wewe ni wa yale magari! Wakuu mmemsikia? Mnapita saa nane usiku na mgambo, mnawabeba watu kama mizigo, maboksi yao na mablanketi mnayachoma, halafu leo unakuja kutufundisha huruma.

ustawi_wa_zamani
Ndugu yangu ungemalizia kusoma. Nimesema haikusaidia.

Mzaramo_halisi
Nimesoma vizuri. Marehemu shangazi yangu alikuwa anauza vitumbua Feri alfajiri, kabebwa na wale wenye sare akaambiwa mzururaji, kalala ndani siku mbili. Kanuni ya Adhabu kifungu cha 176 mpaka leo kinamuweka ombaomba kwenye kundi la wazururaji, sheria ya mkoloni hiyo. Kabla hamjawasema wanaohubiri semeni nyie mlikuwa mnawafanya nini hao watu.

MamaUshirika_Temeke
Asante Mzaramo. Sisi angalau tunaenda na chakula.

Fundi_Gerezani
Jamani mbona tumeenda mbali, swali langu ni mahubiri na kamera.

kigogo_mpya
Ngoja niseme mimi maana nasoma tangu mwanzo na hakuna hata mmoja kati yenu aliyelala nje. Mimi nimelala. Nilikuwa teja, nimelala Jangwani, nimelala Kariakoo kwenye baraza za maduka hayohayo, sio Mgogo mimi, nimezaliwa Kigogo hapahapa Dar na mama yangu yupo hapohapo mpaka leo. Mahubiri hayakuniuma. Ukiwa na arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, husikii hata anachosema, unasubiri sahani, na wengine walikuwa wanahubiri vizuri kwa kweli wanakuita kwa jina lako, mtu hajaitwa jina lake mwaka mzima unaambiwa karibu fulani. Kilichoniuma ni simu. Kuna siku nimepigwa video nimekaa chini nalamba vidole, mate yanatoka, ikazunguka, dada yangu akaiona kwenye simu ya shemeji yake, ukweni kwake huko. Ndoa yake ilitikisika kwa ajili yangu. Mimi nimepona sasa ila ile video bado ipo, siwezi kuifuta mimi, na aliyeirusha wala hajui jina langu kamili.

abuu_salma
Subhanallah. Pole sana ndugu yangu.

Mwana_wa_Kongwa
Mbezi Mwisho soma hapo, KIGOGO, sio Ugogo.

Mbezi_Mwisho
Pole kaka. Ila swali, ulitokaje? Maana kama chakula cha bure kingekuwepo kila siku ungetoka kweli?

kigogo_mpya
Nilitoka kwa sababu nilikuwa nakula. Mwenye njaa anaiba, akiiba anapigwa, akipigwa anatafuta dawa asisikie maumivu. Halafu kuna mzee mmoja wa msikitini Kigogo, mimi jina langu la kikristo na anajua, alinifuata kimyakimya akaniambia twende hospitali ya Mwananyamala kwenye methadoni, dawa ya kuachia heroini. Ile dawa wakati wangu ulikuwa hupewi ukaondoka nayo, ulikuwa unaenda kila siku unakunywa mbele ya nesi, Ijumaa, Jumapili, Idi, Krismasi. Nauli ya kila siku anatoa wapi mtu anayelala kwenye boksi? Mzee alikuwa ananipa nauli asubuhi akitoka kuswali alfajiri, akisafiri anamuachia muuza chapati. Hakunirekodi, hakuniambia nisilimu. Baadaye nilimuuliza kwa nini hukuniambia, akacheka tu akasema kapande gari utachelewa dozi.

MwalimuMstaafu_Upanga
Huduma hiyo ilianzia Muhimbili 2011, Mwananyamala ikafuata, na Temeke. Tena kwa upande wa kanisa msisahau kuna Pasada pale Chang'ombe, Jimbo Kuu Katoliki, tangu 1992, wakati watu wa ukimwi wanafichwa vyumba vya uani wao wanawahudumia bila kuuliza dini. Na kituo cha Dogodogo mwaka huohuo, sista wa Maryknoll alikianzisha kwa ajili ya watoto wa mitaani, wengi walifundishwa ufundi. Huko kote hakukuwa na maiki wakati wa kula.

MamaUshirika_Temeke
Kigogo mwanangu pole, nimesoma mara mbili nimelia. Naomba niwaeleze kuhusu video maana mnatuona kama tunatafuta sifa. Mwanzoni tulikuwa haturekodi. Ukaja ugomvi wa pesa, mtu katoa mchango anasema mchele haukufika, mmekula wenyewe, mama mmoja kasusa ushirika mpaka leo. Ndo mchungaji akasema kila mkitoka mrekodi ili waliochanga waone. Na kuna ndugu zetu wako nje wanatuma hela, bila video hawatumi. Sasa tufanyeje?

abuu_salma
Rekodini deli linavyopakuliwa, rekodini risiti ya mchele, wapigeni picha wamama wanaopika, hao ndo wa kuonyeshwa. Sura za wanaokula ziacheni. Huyo wa nje asiyetuma mpaka aone uso wa fukara anakula, mwambieni abaki na hela yake.

MamaUshirika_Temeke
Abaki nayo ni rahisi kusema sheikh wangu, hiyo hela ndo inanunua nyama. Ila la sura nitalipeleka kwa wazee wa kanisa Jumapili na nitalisema kwa sauti. La mahubiri siliondoi, sisi ndo imani yetu na ndo inatutoa ndani usiku, nisipomtaja Yesu hapo nimeenda kufanya nini? Labda tugawe kwanza, atakayetaka kubaki abaki.

Fundi_Gerezani
Mama hapo sasa tumeelewana kabisa, na mimi baraza ya duka langu nitaacha taa na bomba wazi siku mnazokuja.

Mbezi_Mwisho
Na kesho yake wakijisaidia hapo mlangoni usije kulalamika.

Mzaramo_halisi
Wewe una roho gani lakini? Choo cha kulipia kikifungwa usiku, ungekuwa wewe ungejisaidia wapi?

MamaUshirika_Temeke
Ustawi samahani nilikurukia, shikamoo. Nauliza, ile barua ya mtaa, kuna bibi mmoja pale Stesheni ana kama miaka sabini, mguu umeoza, hospitali wanamuuliza kitambulisho. Kanisa likimwandikia kwamba tunamfahamu mtendaji atakubali?

ustawi_wa_zamani
Marahaba. Barua peke yake atawazungusha. Nendeni naye, mchungaji awepo, na mjumbe mmoja wa mtaa ule anayemuona kila siku, hata mlinzi wa duka anaweza kuwa shahidi. Kwa huo mguu msisubiri barua, mpelekeni hospitali kesho muulizie dawati la ustawi wa jamii palepale, wana utaratibu wa msamaha kwa asiye na uwezo. Wakikataa muombeni mkubwa wa zamu.

kigogo_mpya
Mama ni yule bibi wa kilemba cha kijani? Namfahamu. Nitakuwepo Stesheni saa moja asubuhi, mje na bajaji maana hawezi kupanda mwendokasi.

Mwana_wa_Kongwa
Nauli ya bajaji kwenda na kurudi natoa mimi. Na Mbezi Mwisho bado hujafuta.