Mbeya: Nimelipa 1,800,000 kwa "majaribio ya tovuti", wakapima wiki ya Nane Nane wakaita ushindi

Wakuu, habari za jioni.

Naandika nikiwa na hasira na sifichi. Nauza mchele wa Kyela, maharage ya Njano Uyole na chai ya Rungwe kwa njia ya tovuti. Mzigo natoa Mwanjelwa, unapanda basi kwenda Dar, Morogoro na Dodoma. Mwezi wa saba niliingia mkataba wa miezi mitatu na kampuni moja ya masoko ya mtandaoni (jina nalihifadhi, msinifuate faragha kuuliza). Kazi yao ilikuwa kufanya majaribio ili wageni wengi zaidi wa tovuti wanunue. Nililipa 1,800,000 taslimu, mbele.

Tovuti yangu inaingiza wageni kama 1,000 kwa wiki, oda 20. Yaani katika kila wageni mia, wananunua wawili. Shikeni hizo namba.

Jaribio la kwanza walibadilisha kitufe cha kununua kutoka kijani kuwa rangi ya chungwa, tarehe 1 Agosti. Wiki ile oda zikafika 31. Ripoti ikaja imepambwa kwa grafu: "Mauzo yamepanda kwa asilimia 55."

Tarehe 1 mpaka 8 Agosti, wakuu! Ni nani aliyeishi Mbeya asiyejua wiki ile kuna nini? Ni maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, na viwanja vya John Mwakangale vilikuwa vimejaa. Mimi mwenyewe nilikuwa na meza pale, nimegawa vipeperushi 600 vyenye anwani ya tovuti, na wageni wa tovuti walifika 1,400. Oda 31 kwa wageni 1,400 ni kama 2.2 kwa mia. Tulitoka 2 tukaenda 2.2, tena huenda ni bahati tu, halafu sifa zote zikapewa kitufe!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili watu wa huku tunalijua tangu utotoni. Nenda Uyole kwenye mashamba ya utafiti. Mbegu mpya hawaipandi mwaka huu wakailinganisha na mavuno ya mbegu ya zamani ya mwaka jana. Wanazipanda zote mbili msimu mmoja, udongo mmoja, mvua moja. Vipande vinarudiwa mara kadhaa, na kipi kipate mbegu ipi kinaamuliwa kwa kura, ili mtafiti asije akaipendelea mbegu yake kwa kuipa bondeni penye rutuba. Utaratibu huo wa kura ulitiwa nguvu na mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha kilimo cha Rothamsted kule Uingereza. Jaribio la A/B la tovuti ni mtoto wa shamba lile lile: mgeni anapoingia, kompyuta inampigia kura aone ukurasa A au B, siku zile zile, bei zile zile. Mtu anayejiita mtaalamu wa majaribio akikosa hilo, analipwa kwa lipi?

Nililalamika, wakaja na jaribio la pili. Safari hii waligawa wageni kweli, nusu kichwa cha habari cha zamani, nusu kipya. Siku ya nne wakanipigia simu kwa furaha: kipya kina oda 9, cha zamani 4, tusimamishe, tumeshinda. Nikakataa. Nikawaambia acheni liendelee. Wiki tatu baadaye kipya kilikuwa na oda 31 na cha zamani 30. Hakukuwa na mshindi wowote! Kila asubuhi walikuwa wanachungulia matokeo wakisubiri siku ambayo namba zingewapendelea, na ukichungulia mara nyingi vya kutosha huku uko tayari kusimamisha, siku hiyo huja hata kama kurasa mbili zinafanana kabisa.

La tatu sitalisimulia sana. Walipima mibofyo badala ya malipo. Mibofyo ilipanda, pesa haikupanda.

Sasa hesabu ambayo walipaswa kunipa siku ya kwanza, kabla ya kupokea hata shilingi. Ukiwa na wanunuzi 2 kwa mia na unataka kuthibitisha ongezeko hadi 2.4, kwa viwango vya kawaida vya takwimu (uhakika wa asilimia 95, na nafasi ya asilimia 80 ya kuliona badiliko lililopo), unahitaji takriban wageni 20,000 kila upande. Jumla 40,000. Kwa wageni wangu 1,000 kwa wiki, hizo ni wiki 40. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu! Badiliko la kutoka 2 hadi 4 lingehitaji karibu 1,200 kila upande, na hilo ningeweza kulipima kwa wiki mbili na nusu. Maana yake, duka dogo kama langu halina biashara ya kupima rangi. Linapima jambo kubwa, au halipimi kabisa.

Na jambo kubwa lilikuwepo. Nilikaa mwenyewe na simu, nikawapigia watu 15 walioacha namba zao kisha wasilipe. Tisa walisema kitu kimoja: nauli ya basi inatokea mwishoni kabisa, wakati mtu ameshaandika kila kitu. Mfuko wa kilo 10 anauona bei hii, akifika kulipa anakuta bei nyingine, anahisi anaibiwa. Nami namwelewa. Wengine walisema picha zinamaliza bando kabla hazijafunguka. Katika miezi mitatu yote kampuni ile haikumpigia mteja wangu hata mmoja.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza nifanye nini, nimeshaweka nauli juu kabisa, pembeni ya bei, na picha nimezipunguza uzito. Nusu ya wageni bado wanaona ukurasa wa zamani, nusu mpya. Kabla ya kuanza nimeandika kwenye daftari: napima oda zilizolipwa, wageni 1,200 kila upande, sifungui matokeo kabla.

Na wewe uliyesema "ulisaini mwenyewe, vumilia": nilisaini kufanyiwa majaribio. Kubadilisha kitufe wiki ya Nane Nane si jaribio. Barua ya kudai pesa yangu nimeipeleka ofisini kwao Jumatatu, nakala wameigonga muhuri. Aliyewahi kudai kwa mkataba wa aina hii hapa Mbeya au Iringa, naomba anieleze alianzia wapi.