Tiba ya mawimbi ya sauti na dawa kwa saratani ya ubongo: tumwachishe dada mionzi?

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Dada yangu ana glioblastoma, aina kali ya saratani ya ubongo. Ameshapasuliwa, na Jumatatu anaanza mionzi pamoja na vidonge vya kemo. Mkono wa kushoto hauna nguvu. Jana nilimfunga vifungo vya blauzi, akageukia ukutani nisione machozi.

Shemeji amepata kliniki mtandaoni inayotibu kwa "sonodainamiki": unapewa dawa, unapigwa altrasaundi, seli za saratani zinakufa. Wanataka tulipe kwanza, na mionzi tuiache. Nyumbani hatuelewani. Kitu hiki kipo kweli?

Darubini
Pole sana mkuu. Kipo. Yumita na wenzake, Wajapani, walikionyesha mwaka 1989. Dawa peke yake haiui, na altrasaundi ya nguvu ndogo peke yake haiui. Vikikutana ndani ya seli, hapo ndipo zinapozaliwa molekuli kali za oksijeni zinazoiunguza seli kutoka ndani. Kwa ubongo wanatumia sana dawa iitwayo 5-ALA: mgonjwa anakunywa, seli za uvimbe zinaigeuza kuwa protoporfirini, kemikali inayoamshwa na mwanga au sauti, na kuirundika kuliko seli zenye afya. Iko tiba ndugu yake inayotumia mwanga, ila mwanga haufiki mbali mwilini. Sauti inafika.

Lakini kwa glioblastoma hii bado ni majaribio. Anayekwambia uache mionzi kwa ajili yake anakupotosha.

Nesi wa theatre
5-ALA naijua kwa macho. Mgonjwa anainywa saa chache kabla ya upasuaji. Daktari akiwasha taa ya buluu ya hadubini, uvimbe unawaka wekundu wa waridi, na hapo anajua pa kukata. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka 2017, yaani ya kuuona uvimbe, si ya kuutibu. Baadaye wodini tunafunga mapazia na kupunguza taa, maana mwanga mkali unaweza kumuunguza ngozi. Kliniki yenu imewaambia hilo?

Waulizeni pia mawimbi yatapitaje fuvu. Mfupa unayapunguza na kuyapindisha, ndiyo maana watafiti wana mashine maalumu. Ile ya kupimia mimba haiwezi.

Mama Wawili
Sisi tulimwachisha baba mionzi kwa ajili ya tiba ya mtandaoni. Tuliporudi, daktari aliweka picha mbili za MRI ubaoni, ya kwanza na ya siku hiyo. Hakusema kitu, na sisi hatukuuliza. Ndugu yangu, msiache mionzi, nakuomba.

Darubini
Naongezea. Muulizeni daktari wake kama kuna utafiti anaoweza kuingia. Utafiti wa kweli una fomu ya ridhaa inayotaja dawa na madhara yake, na kwa kawaida hawakuuzii dawa ya majaribio.

Mleta mada
Asanteni sana. Shemeji amewapigia akauliza jina la dawa. Wamejibu ni siri ya kliniki. Amekata simu mwenyewe. Hela hatutumi, na Jumatatu nampeleka dada mionzi, blauzi nimeshamtafutia isiyo na vifungo.