Naomba ushauri: mdogo wangu anasema sisi si kitu katika ulimwengu

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Naandika kutoka Arua. Mdogo wangu wa sekondari amesoma kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8 hivi, na galaksi yetu peke yake ina nyota zaidi ya bilioni 100. Tangu hapo amepoa. Ananiuliza, "Kaka, kama sisi ni wadogo hivyo, kuhangaika na masomo kuna maana gani?"

Kinachomuumiza zaidi ni ile picha ya mwaka 1990 iliyopigwa na chombo cha anga Voyager 1 kikiwa umbali wa kilomita bilioni 6 hivi kutoka hapa. Dunia nzima ni nukta moja! Nile, Rwenzori, Kampala na foleni zake, wote tumo humo.

Nimemwambia kwamba chuma kilichomo katika damu yake kilitoka kwenye nyota zilizokufa kabla Jua halijazaliwa, kwa hiyo yeye si mgeni humu. Nikamtajia pia hoja ya Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: ulimwengu unaweza kumponda mtu, lakini mtu anajua kwamba anakufa, nao haujui lolote. Akanyamaza, kisha akasema kujua hakumwondolei hofu. Kwa kweli ana hoja.

Bibi anataka nimpeleke kwa padri. Sipingi, ila sitaki aone sayansi ni adui wa imani yetu. Walimu, masheikh, wachungaji, wazazi mliowahi kuulizwa swali hili: mlianzia wapi?