Farasi wangu akishakula anakuwa moto kama pasi, nimpe chakula gani atulie?

Kiserian_Boy
Wadau habari za jioni. Niko na farasi mmoja amehasiwa, miaka 9, alikuwa wa mbio pale Ngong akastaafishwa nikamchukua mwezi wa pili kwa bei ya kutupa. Plani ilikuwa wikendi abebe watoto, bathdei, picha za harusi, unajua hizo. Wiki tatu za kwanza alikuwa mpole mpaka mtoto wa jirani anamkumbatia pua. Lakini alikuwa amekonda, mbavu unazihesabu, so nikamuongezea chakula. Sahii asubuhi naogopa hata kufungua banda. Anazunguka, anapiga mlango mateke, ukimtoa akiona karatasi ya nailoni anaruka kando (nailoni zilipigwa marufuku 2017 lakini huyu anazipata kila mahali sijui wapi). Jumamosi amemtupa kijana wangu chini, na mtoto wa mteja alikuwa ameshushwa kama dakika mbili tu zimepita.

Anakula gorogoro moja ya mahindi ya kuvunjwa asubuhi, moja jioni, na molasi juu ndio asikatae. Nyasi ni boma rhodes, beli moja inaenda siku tatu. Kuna chakula gani ya kumtuliza?

Mtu_wa_Subaru
Umejaza tenki ukafungia gari kwa gereji halafu unashangaa inanguruma 😂

Njoro_Dairy
Boss mpe tu deri mili. Ng'ombe wangu wanakula na hakuna hata mmoja ananirushia teke.

Saisi_Mzee
@Njoro_Dairy hapana, hapana kabisa. Chakula ya ng'ombe na ya kuku zingine huwa na dawa inaitwa monensini, kuku na ng'ombe hawasumbuki nayo kwa kipimo chake lakini farasi inampiga moyo na dawa ya kuitoa haipo. Hata kama gunia haijaandikwa, uliza hiyo mashine ilisaga nini kabla. Mimi nimeona farasi wawili wakianguka asubuhi moja, sitaki kuona tena.

Sasa Kiserian, kijana wangu, sikiza. Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu nikiwa na nywele. Kule kwa mbio alikuwa anapewa nafaka ya oti kwa mkebe, na wewe umechukua mkebe uleule ukaweka mahindi ukadhani ni kitu kimoja. Enda kwa mama mboga uazime mizani. Gorogoro ya mahindi ni kilo mbili na kitu, ya oti inakuja karibu nusu ya hiyo, na bado kilo kwa kilo mahindi yana wanga mwingi zaidi. Halafu wakati ule alikuwa anakimbizwa kila asubuhi, kwako anasimama Jumatatu mpaka Ijumaa. Huo moto aupeleke wapi?

Tena mahindi yasiyopikwa hayasagiki vizuri kwa utumbo mwembamba, yanashuka nyuma yanachacha huko, ndio unasikia tumbo la kukata na kwato kuwaka. Shukuru umeona mateke tu.

Kiserian_Boy
Mzee asante. Kwani apewe kiasi gani?

Saisi_Mzee
Anza na uzito wake. Pima kamba kifuani nyuma ya miguu ya mbele, sentimita, zidisha kwa hiyo hiyo, zidisha kwa urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, gawanya kwa 11,900. Unapata kilo.

Kiserian_Boy
Kifua 180, urefu 165. Nimepata 449.

Saisi_Mzee
Basi wanga usipite gramu moja kwa kila kilo yake kwa mlo mmoja, yaani gramu 450 hivi. Wewe kwa gorogoro moja unampa kama mara tatu. Na nyasi anataka karibu kilo 9 kwa siku, beli yako ikiwa kilo 15 anapata 5. Ana njaa na amelewa kwa wakati mmoja.

Mpwani_Dubai
Salaam. Mimi niko huku kwenye mabanda ya farasi mwaka wa sita. Mzee amesema kweli, mimi naongeza tu kwamba tumbo la farasi hutoa asidi muda wote, ale asile, akikaa saa nyingi bila nyasi anapata vidonda, na mwenye vidonda ukimkaza tandiko lazima akung'ate. Mtundikie nyasi kwenye wavu wa matundu madogo zimfikishe alfajiri. Kabla hujampanda mpe lusani (majani ya alfalfa) konzi mbili tatu, inatuliza asidi. Akitaka kunenepa tumia mafuta ya kupikia, anza vijiko viwili upande pole pole hadi robo lita kwa siku, ugawe mara mbili.

Mkuu_wa_Usa_River
Aisee na msimbadilishie ghafla jamani, siku kumi hadi wiki mbili, punguza mahindi kidogo kidogo huku nyasi zinapanda. Na atoke nje! Wangu alitulia nilipomwacha kwenye uwanja na mbuzi wanne, chakula sikugusa hata punje.

Kiserian_Boy
Nyasi sahii ni ghali mtanimaliza, lakini sawa.

Kiserian_Boy
Apdeti, siku ya 13. Mahindi zero, molasi zero, nyasi kilo 9, lusani kilo moja na nusu, mafuta nimefika nusu kikombe, na anashinda nje. Mlango hapigi. Kijana amempanda jana mpaka barabarani na kurudi. Mbavu bado naziona, na watoto sijamuwekea bado. Ila nailoni bado anaruka.

Saisi_Mzee
Hiyo si chakula. Funga moja kwa fensi, mbali, weka nyasi yake upande huo, kila siku uisogeze hatua mbili. Na watoto wangoje mpaka atakapokuwa anakula ikimgonga sikio.