Nimeshalipa kianzio cha mgahawa Tabora, kumbe wenye jina hawana habari

Wakuu, habari za jioni.

Kuna dada hapa Tabora mjini ana mgahawa wa kuku na chipsi wa fransaizi. Jina, mapishi na viungo ni vya kampuni ya Dar, yeye analipa mrabaha, yaani ada ya kutumia jina lao, kila mwezi. Mumewe kahamishiwa Dodoma, kaamua kuuza. Tumekubaliana milioni 38: majiko, mafriji, viti na kilemba. Nimeshatoa milioni 8. Tuliandikishiana kwenye karatasi ya kaunta buku, shahidi shemeji yake (najua, msinicheke).

Jana ndiyo kanipa mkataba wake. Ukurasa wa 11: haruhusiwi kuuza wala kumkabidhi mtu mwingine bila idhini ya maandishi ya kampuni. Kumuuliza, ananijibu, "Wewe ingia, endelea kwa jina langu, hawa watu Tabora hawaji." Na mkataba umebakiza miezi 14. Nifanyeje?

Kijana wa Isevya
Piga kazi mkuu. Mimi duka la spea niliendesha kwa leseni ya mtu miaka miwili, hakuna aliyeniuliza.

Mama Chapati
Huyo hapo juu asikuponze. Spea unanunua popote. Wewe viungo vinakuja kwa basi, boksi limepigwa utepe wa kampuni, na oda anaitoa yeye kwa simu yake. Siku mkikorofishana unabaki na majiko na ndoo ya mafuta. Halafu tazama risiti: mashine ya EFD iko kwenye TIN yake (namba ya mlipakodi), kila kuku unayemuuza TRA wanahesabu kauza yeye. TIN hainunuliwi. Chukua yako, na leseni ya halmashauri itoke kwa jina lako.

Koti Jeusi
Hatuna sheria mahsusi ya fransaizi hapa nchini. Kinachowabana ni mkataba wenyewe na Sheria ya Mikataba, Sura 345. Kwa hiyo usiishie ukurasa wa 11. Angalia kama kampuni ina haki ya kuununua mgahawa yenyewe kwanza kwa bei hiyohiyo. Angalia ada ya uhamisho inamwangukia nani. Kubwa zaidi: unarithi hiyo miezi 14, au unasainishwa mkataba mpya? Hapo ndipo watu wanapoumia. Mkataba mpya unaweza kuja na mrabaha uliopanda, ukaambiwa upake rangi upya na kubadili viti ulivyonunua juzi. Watataka pia kukuona wewe, mtaji wako, pengine wakuite Dar kwa mafunzo kwa nauli yako. Na kwa kawaida idhini haitoki muuzaji akiwa na deni, kwa hiyo mwambie aombe barua ya kuthibitisha hadaiwi.

Mleta uzi
Asante wakili. Sasa hiyo milioni 8 ndiyo imekwenda?

Koti Jeusi
Karatasi ya kaunta buku nayo ni ushahidi, itunze. Ila mrudie kabla hajapakia vyombo. Andikeni nyongeza: kampuni ikikataa, kianzio kinarudi ndani ya siku mtakazotaja, milioni 30 zinakaa kwa wakili mpaka barua ya idhini itoke. Akisita, mkumbushe kwamba ukiendesha kimyakimya ukashindwa kulipa mrabaha, atakayedaiwa ni yeye huko Dodoma.

Reli ya Kati
Mwenye nyumba je? Pango liko kwa jina la nani?

Mleta uzi
Nimetoka kwa yule dada sasa hivi. Kwanza alinuna, nilipomtajia habari ya kudaiwa akiwa Dodoma akalainika. Jumatatu tunapiga simu kampuni pamoja, spika wazi, na nyongeza tunaiandika kwa wakili, siyo kwa shemeji.

Reli ya Kati, umenishtua. Pango ni la jina lake, na linaisha Desemba.